Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia ukaushaji wa muhogo, kwa sababu ndiko mwaka wetu ulikosimamia.

Muhogo ukishang'olewa hausubiri. Ndani ya siku 2 au 3 huanza kuingia mistari ya rangi ya buluu na kuharibika. Ndiyo maana kamati ilishikilia kwamba uoshwe, ukatwe na kuanikwa siku hiyohiyo. Najua wapo waliochoshwa na agizo hilo, lakini sitalilegeza. Mnunuzi mmoja alitukatalia magunia kwa sababu ya ukungu, na ukungu huo ulitokana na vipande vinene: nje vikavu, ndani maji. Mizizi mibichi ina maji zaidi ya nusu ya uzito wake, na sisi tunatakiwa kuyashusha hadi asilimia 14 au chini. Kipande kilichokauka sawasawa hukatika kwa mlio na kuacha unga mweupe kidoleni. Kikipinda, kirudi juani.

Kwenye sakafu ya zege, mita 1 ya mraba isibebe zaidi ya kilo 10 za vipande vibichi, na vigeuzwe kila baada ya saa 2 hivi. Wanachama wa zamu walioshika reki jua la utosini wanastahili shukrani zetu za dhati.

Lilikuja pendekezo la kujenga tanuri. Kwa muhogo mchungu, siliungi mkono. Muhogo ukikatwa, kimeng'enya chake huivunja linamarini, kemikali inayobeba sumu yake, na sumu hiyo, sianidi, hupotelea hewani. Joto kali hukizima kimeng'enya hicho kabla hakijamaliza kazi. Jua la siku 2 au 3 hutusaidia zaidi.

Wafugaji nao niwaombe: msiwape kuku muhogo mtupu. Una nguvu nyingi, lakini protini ni asilimia 2 hadi 3 tu. Changanyeni na mashudu ya soya au dagaa. Majani yake yaliyokaushwa vizuri yana protini nyingi, na hurudisha unjano wa kiini cha yai.

Ghalani, dumuzi, mdudu anayetoboa vipande vikavu, bado ni adui. Magunia yasikae muda mrefu.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe ununuzi wa kipima unyevu, na kila gunia lipimwe mbele ya mwenyewe kabla ya kupokelewa.