Barua kuhusu GCN4, jeni ya hamira

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Uliniuliza kwa nini nimeng'ang'ania jeni moja ya hamira, nami sikutaka kukujibu kwa mkato, kwa sababu GCN4 imenishika moyo.

Jumatatu nilipandikiza hamira za aina mbili kwenye sahani moja yenye aminotriazoli, dawa inayoizuia seli kujitengenezea histidini, mojawapo ya amino asidi, yaani matofali ya kujengea protini. Leo asubuhi upande wa hamira ya kawaida umejaa madoa meupe yaliyonona, ilhali upande wa ile iliyoondolewa GCN4 ni mtupu, kana kwamba sikupanda kitu. Seli hizo zilikosa protini ya Gcn4, ambayo wakati wa njaa huamsha mamia ya jeni, zikiwemo zile za kutengeneza amino asidi.

Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba RNA ya GCN4, yaani nakala ya jeni inayosomwa ili protini itengenezwe, huwapo hata wakati wa shibe, ila kabla ya ujumbe wenyewe pana vipande vinne vifupi vinavyotangulia kusomwa. Ribosomu, mtambo wa seli unaosoma RNA na kutengeneza protini, ikishasoma cha kwanza huendelea na safari ikiwa haina vifaa vya kuanzia usomaji upya. Wakati wa shibe huvipata upesi, ikaanza kusoma tena kwenye vipande vinavyofuata, kisha ikabanduka kabla ya kufika GCN4. Njaa inapoingia, tRNA (wachukuzi wa amino asidi) zisizobeba kitu huongezeka, na protini ya Gcn2 huzihisi, ikaitia fosfeti (alama ya kikemikali inayoidhoofisha) eIF2, protini iliyo kati ya vifaa hivyo na ambayo ni ya lazima katika kuanzisha usomaji. Hapo utengenezaji wa protini hupungua karibu kila mahali, lakini ribosomu iliyopita kipande cha kwanza, kwa kuwa imechelewa kupata vifaa, huvivuka vile vingine bila kunaswa, na huwa imeshakamilika inapofikia mwanzo wa GCN4.

Alan Hinnebusch na wenzake, huko Marekani, walilithibitisha jambo hili katika miaka ya 1980: walipoharibu mianzo ya vipande vyote vinne, GCN4 ilisomwa kwa wingi hata pasipo njaa. Jaribio hilo, kwangu mimi, ni zuri kupita kiasi. Binadamu naye ana jeni ya ATF4, inayodhibitiwa kwa njia inayokaribiana sana na hii.

Wiki ijayo nitairudisha GCN4, kwa plasmidi (kipande cha DNA cha duara), ndani ya zile seli zilizoshindwa, nione kama zitaota. Nitakuandikia matokeo.

Akupendaye,
Rehema