Forensiki tufundishwe kwa Kiswahili, mahakamani ndo lugha yetu

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo vipi. Mi msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalikuta kwa mangi naanza kurasa za michezo za nyuma ndo narudi mbele, sijawahi kuandika barua ila hii nimeona nikinyamaza itanikaba.

Miaka mitatu yote mama yangu alikuwa anawaambia majirani hapa Mbagala kwamba mwanae yuko India anasomea maiti. Nimesoma sayansi ya forensiki, yaani kupima vielelezo vya kesi maabara, na kemia tumizi, maiti sijagusa hata moja, ila kila nikipiga simu nikijaribu kumweleza naanza vizuri alafu sentensi ya pili tu Kiswahili kinaniishia, yeye anasema "haya mwanangu soma" na kesho yake majirani wanaambiwa tena ni maiti. Nilikuwa nacheka. Niliacha kucheka niliporudi nikaenda kusikiliza kesi kwenye mahakama moja hapa mjini, kijana wa mtaani kwetu anadaiwa kakutwa na unga. Mtaalamu wa maabara akapanda kizimbani akasema tulifanya kala testi ikatoa rangi tukakonfemu kwa gasi kromatografia masi spektrometri. Mama wa yule kijana kakaa pembeni yangu, akaniinamia akauliza kwa sauti ya chini, amesema nini huyo? Mi mwenye digrii yangu ya kitu hichohicho nikabaki namwangalia. Nikamwambia nitakueleza tukitoka, na tulivyotoka sikumweleza vya maana.

Sasa mhariri, tangu 2021 sheria ya marekebisho ya sheria mbalimbali namba 1 imesema lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, Kiingereza kimeachiwa upenyo tu pale haki ikihitaji. Jambo zuri kabisa na mi naliunga mkono. Ila sisi tunaotegemewa kwenda pale na ripoti ya maabara tumefundishwa kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza mpaka joho, iwe umesoma hapa iwe India iwe Uingereza, hakuna siku hata moja mwalimu alisimama akasema haya leo kila mtu aeleze kipimo chake kwa Kiswahili mbele ya mtu ambaye hajasoma kemia. Mi naona hilo ndo somo kubwa linalokosekana, kubwa kuliko mashine, mashine zinanunuliwa.

Na siyo kwamba vitu vyenyewe ni vigumu. Waliosoma sayansi wote wanaikumbuka ile POP, yaani fenoftalini, ya kwenye titresheni, unadondosha tone moja moja jicho limekutoka mpaka rangi ya waridi itokee. Basi ile ile fenoftalini ikipunguzwa kikemia inakosa rangi, na ndo inatumika kupima kama doa ni damu, kipimo kinaitwa Kastle-Meyer. Unapangusa doa kwa pamba, unaweka tone la dawa, alafu unaweka haidrojeni peroksaidi, kama kuna damu ile himoglobini inaichochea na pamba inageuka waridi sekunde hiyohiyo. Ila hapo ndo watu wanapodanganyika, maana hata vimeng'enya vya mboga, viazi mfano, vinaweza kuigeuza, na rangi ikitokea kabla hujaweka peroksaidi ujue ni kitu kingine kabisa kama kutu au kemikali, siyo damu. Kwahiyo kipimo kile hakisemi "hii ni damu", kinasema "hapa tuangalie vizuri". Vipimo vya rangi vya dawa za kulevya navyo ni hivyohivyo, dawa ya kupimia iitwayo Marquis ikiguswa na heroini inaenda zambarau, lakini zambarau peke yake haitoshi kumfunga mtu, lazima kipimo cha pili kithibitishe.

Tofauti hii nilimweleza mama jioni moja anamenya mihogo ya biashara yake ya asubuhi. Akasikiliza mpaka mwisho akasema, "kumbe hicho cha kwanza kinabisha hodi tu, hakijaingia ndani." Nilisimama mhariri. Miaka mitatu nimeimba maneno yao ya Kiingereza, mama yangu darasa la saba kalimaliza kwa sentensi moja, na hiyo sentensi ungeisema mahakamani wakili angeelewa, mshtakiwa angeelewa, na yule mama aliyekaa pembeni yangu angeelewa pia kwamba kuna hodi alafu kuna kuingia ndani, aulize mtoto wake kapimwa kipi.

Basi tukaendelea, ikawa ndo mchezo wetu wa jioni. Gasi kromatografia nikamwambia fikiria Mtaa wa Kongo pale Kariakoo mchana, watu ishirini wanaingia upande mmoja pamoja, asiyejali nguo anakatiza anatoka mapema, anayesimama kila meza kushika viatu anatoka mwisho kabisa. Mchanganyiko ukisukumwa na gesi ndani ya mrija mwembamba mrefu unafanya hivyohivyo, kila kemikali ina tabia yake na kuta za mrija, inatoka kwa muda wake. Alafu kule mwisho kuna mashine inavunja kila kinachotoka vipande vipande na kupima uzito wa vile vipande. Ndo hivyo gongo iliyoharibika inajulikana kama ina methanoli, ambayo mwilini inageuka kuwa asidi ya fomiki na kushambulia mshipa wa macho, mtu anakunywa usiku asubuhi haoni. Mama akauliza kwanini wasipime kabla watu hawajanywa. Hilo sikuwa na jibu la kikemia.

Kilichomwingia haraka kuliko vyote ni mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, kwasababu yeye ni kijumbe wa mchezo, ule wa kuchangishana hela. Nani kapokea, toka kwa nani, saa ngapi, kasaini wapi, bahasha ilikuwa na lakiri au ilishafunguliwa. Wanasheria wakitaka kulizungumzia hili huwa wanarudi kwenye rufaa ya jinai namba 110 ya 2007 ya Mahakama ya Rufani, mama yangu anarudi kwenye daftari lake la mchezo, na wanazungumzia kitu kimoja. Ukurasa mmoja ukikosa saini hela inaleta ugomvi. Kemia inaweza kuwa safi kabisa na kesi ikaanguka hapo.

Nataja na vinasaba (DNA) kidogo maana kila nikisema nimesoma nini kuna mwanaume ananivuta pembeni. Hapana kaka, huwezi kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na mate ya mtoto kwenye kopo, kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, ombi linapitia kwa wanaotambuliwa kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Na vinasaba siyo vya kufunga watu tu. Mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba pale Leicester Uingereza mwaka 1984, na kwenye kesi ile ya kwanza ya mauaji kitu cha kwanza vilichofanya ni kumtoa kijana wa miaka 17 ambaye alikuwa ameshakiri kosa moja, ndo baadae akapatikana mwenyewe. Kijana kakiri, na bado siyo yeye!

Kwahiyo ombi langu kwa vyuo vyetu vinavyofundisha kemia, msisubiri mpaka mtu aajiriwe. Mwaka wa tatu wekeni zoezi moja tu, mwanafunzi asome ripoti yake kwa Kiswahili, mwenzake wa sheria amhoji, na kwenye viti wakae watu wa kawaida, mama lishe wa pale getini anatosha. Waganda tangu 2023 wana tawi la chuo kikuu cha forensiki cha India pale Jinja, sisi tukifungua cha kwetu hilo zoezi liwe siku ya kwanza. Na nyie gazeti mtupe hata robo ukurasa kwa wiki tuyajadili haya maneno.

Mfano kuna "blanki". Kabla ya kupima kielelezo unapitisha kimiminika kitupu kwenye mashine, uone haijabakiza kitu cha jana. Nimemwambia mama ni kama sufuria iliyopika dagaa, kabla hujachemsha chai unachemsha maji matupu kwanza unanusa. Ameelewa vizuri, ila jina analotaka tuliite ni "maji ya kunusa" na mi siwezi kusema hivyo mbele ya hakimu. Mwenye neno zuri zaidi alilete.

Ni mimi,
Mtoto wa Kijumbe
Mbagala, Dar es Salaam