Damu isiyokoma baada ya kutoka kwenye mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wakuu wa vitengo vya kusafisha damu kwa mashine, pamoja na Wizara ya Afya, kwa jambo ambalo wagonjwa wa figo huelezwa harakaharaka au hawaelezwi kabisa: namna ya kuzuia damu inayoendelea kutoka kwenye matundu ya sindano baada ya kusafishwa.

Baba yangu husafiri kutoka Jinja hadi Kampala mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Mwezi uliopita, tukirudi kwa taksi, tulipoipita Mukono niliona mkono wa kanzu yake umelowa. Kondakta alitupa taulo, nikalizungusha mara tatu, kumbe damu iliendelea kutoka chini yake nisiione. Katika zahanati moja ya njiani, muuguzi aliliondoa lote, akaweka kipande kidogo cha shashi juu ya tundu la sindano, akakibana kwa vidole viwili huku mkono umeinuliwa, na kwa dakika 20 hakuachia wala kuchungulia.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Mgonjwa akiwa kwenye mashine hupewa heparini ili damu isigande mirijani, na nguvu yake haiishi papo hapo sindano zinapochomolewa. Tena sumu ambazo figo zimeshindwa kuziondoa hudhoofisha chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, hata kama idadi yake ni ya kawaida. Isitoshe, fistula (sisemi ile ya uzazi, bali vena iliyounganishwa na ateri mkononi, ambamo sindano za mashine huchomwa) hupitisha damu kwa kasi kubwa, hivyo tundu dogo laweza kumaliza mtu kwa dakika chache. Naye baba alikuwa amemeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya goti, aliyouziwa dukani bila kuulizwa lolote, na dawa hiyo huzidisha hatari ya kutokwa damu.

Ninachoomba hakihitaji mashine mpya. Mgonjwa asitoke kitengoni kabla muuguzi hajahakikisha kwamba matundu yamekauka, na afundishwe yeye na anayemsindikiza namna ya kubana. Aambiwe pia kwamba kigaga kisichopona, au ngozi iliyokonda na kung'aa juu ya fistula, ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Haya yaandikwe kwenye kadi, pamoja na saa aliyopewa heparini, kwa Kiswahili, Kiganda au Kisoga. Karatasi tuliyopewa sisi ilikuwa ya Kiingereza, na baba yangu hasomi Kiingereza.

Msomaji wako,
Jinja