Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga kuhusu vyeti vya polisi kutoka nchi tulizowahi kuishi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Ngamiani. Nimechagua kukuandikia hadharani badala ya kupitia masjala kwa sababu jambo hili haliko mikononi mwa ofisi moja, na wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa, ambako Polisi na Uhamiaji hukaa meza moja. Ni suala la cheti cha polisi, yaani karatasi inayoeleza kama mtu ana kumbukumbu ya makosa ya jinai katika nchi aliyowahi kuishi. Ombi langu ni kwamba mkazi wa Tanga anayehitaji cheti hicho kutoka nchi yake ya zamani aweze kuikamilisha sehemu yake ya kazi hapa hapa mkoani, na pale ambapo nchi hiyo haina uwezo wa kukitoa, asidaiwe kitu kisichopatikana.

Kazi yangu ni kujaza fomu na kupiga chapa maombi ya watu, kwa hiyo wenye shida hii huwaona kwa karibu. Wengi ni wake na waume waliotoka Kenya, upande wa pili wa mpaka wa Horohoro, maana Wadigo wa Mkinga na Wadigo wa Kwale wameoana tangu kabla ya mpaka kuchorwa. Wapo waliofanya kazi Muscat au Dubai kwa miaka kadhaa, wakarudi, na sasa wanaitwa na ndugu zao Kanada au Marekani. Wapo wazee wachache wa Kizungu waliostaafu na kujenga kando ya bahari kule Pangani. Na wapo Wazigua waliotoka Somalia, ambao nitawarudia baadaye kwa sababu habari yao ni ya peke yake.

Sheria ya Uraia, Sura ya 357, inamtaka mwombaji wa uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni aliyeuomba, awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika ile 10 iliyotangulia, tena awe mtu wa tabia njema. Tabia ya miaka aliyoishi kwetu tunaweza kuiulizia kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani. Ile ya kabla ya hapo haina shahidi Tanga, na ndipo cheti cha nchi ya zamani kinapohitajika. Sina ugomvi na hitaji hilo, na ningekuwa afisa ningelidai vilevile.

Tatizo linaanza kwenye alama za vidole. Nchi nyingi hazitoi cheti kwa jina peke yake, na zina haki, kwa maana majina yetu watu wa pwani hayatulii. Mwanamke aliyeandikwa Mwanaidi Hamisi Juma kwenye kitambulisho cha Kenya huweza kuwa Mwanahidi Khamis katika cheti cha ndoa cha Tanga, na katika viza aliyofanyia kazi Uarabuni akaongezewa jina la babu ambalo hajalitumia maisha yake yote. Vidole kumi ndivyo vinavyomaliza ubishi huo. Kenya huchukua alama hizo kupitia Kurugenzi ya Upelelezi wa Jinai, na ombi lenyewe hufanyika kwa mtandao wa serikali yao. Marekani, kupitia shirika lake la upelelezi la FBI, hupokea kadi ya alama za vidole iliyojazwa nje ya nchi na kutoza dola 18. Afrika Kusini nayo hupokea fomu iliyojazwa ugenini na kutumwa Pretoria. Katika hali zote hizo mwombaji hahitaji kusafiri, mradi ampate askari aliyefunzwa kuviringisha vidole kwa wino, aandike tarehe, jina na cheo chake, kisha apige muhuri.

Askari wenye ujuzi huo tunao mkoani, kwani hufanya kazi hiyo hiyo kwa watuhumiwa. Kinachokosekana ni maelekezo ya maandishi yanayosema kwamba wanaruhusiwa kujaza fomu ya nchi nyingine kwa raia mwema aliyekuja na kitambulisho chake. Bila maelekezo hayo kila askari hutumia busara yake. Mmoja atakubali, wa pili ataogopa kupiga muhuri wa Jamhuri kwenye karatasi asiyoifahamu, na hofu hiyo naielewa kabisa. Matokeo yake mtu hupanda basi kwenda Dar es Salaam, takriban kilomita 350, kutafuta ubalozi ili afanyiwe kazi ya robo saa. Ningeomba itengwe siku moja katika juma, makao makuu ya Polisi mkoani, kwa ajili ya alama za vidole za vyeti vya nje, kwa ada itakayotangazwa na kutolewa risiti, na kwamba askari wa zamu asiulizwe baadaye kwa nini alipiga muhuri.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa ofisini huenda asilione upesi. Mkoa huu umejengwa na mkonge tangu Mjerumani Hindorf alipoleta miche yake Pangani mwaka 1893, na waliokata majani yake walitoka Msumbiji, Burundi, Rwanda na kwingineko. Mkata mkonge wa miaka mingi, sawa na mvuvi avutaye kamba kila alfajiri, vidole vyake huwa vimesagika hata mistari haisomeki, na kadi yake hurudishwa kwa sababu haikutoka vizuri. Askari mzoefu anajua kumwambia apumzishe mikono siku kadhaa, aipake mafuta usiku, kisha aje asubuhi ikiwa safi na mikavu, na anajua kupunguza wino. Asiye mzoefu hukandamiza zaidi, na kadi ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza. Kwa hiyo si suala la kuweka askari yeyote kwenye meza hiyo, ni la kuchagua wenye mkono mwepesi.

Suala la muda wa cheti nalo linawasumbua watu bila sababu. Marekani humdai cheti mwombaji wa viza ya uhamiaji mwenye miaka 16 na zaidi, kwa nchi ya zamani aliyoishi angalau miezi 12. Kanada huhesabu kukaa kwa miezi 6 mfululizo au zaidi, tangu mtu alipotimiza miaka 18, ndani ya miaka 10 iliyopita. Pamoja na tofauti hizo, nchi zote mbili zinakubali kwamba mtu aliyeondoka nchi fulani na hakurudi tena kuishi huko, cheti alichopewa baada ya kuondoka hakichakai, kwa kuwa hawezi kutenda kosa mahali ambapo hayupo. Naona ni hoja ya akili, na ningefurahi kama utaifikisha Uhamiaji ili ifikiriwe kwa waombaji wa hapa pia.

Kwa wanaotoka Kenya kuna mtego mwingine, nao ni wa mpangilio. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo anayechukua uraia wetu huukana wa kwao. Ombi la cheti kule Kenya hufunguliwa kwa namba ya kitambulisho, na ni rahisi zaidi kuliwasilisha mtu angali anacho. Tangazo la ukurasa mmoja kwa Kiswahili, likibandikwa Uhamiaji mkoani na pale kituo cha mpakani Horohoro, lingewaambia waombe cheti kwanza na wakane uraia baadaye.

Sasa niseme juu ya wale Wazigua waliotoka Somalia, wanaoishi Chogo wilayani Handeni. Mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 na kupelekwa bonde la mto Juba, na wajukuu walirejea Handeni wakikimbia vita baada ya serikali ya Mogadishu kuanguka mwaka 1991. Wengi wamekwishapewa uraia wa Tanzania, na wana ndugu waliopelekwa Marekani kupitia kambi za Kenya. Kumwambia mtu wa namna hiyo alete cheti cha polisi cha Somalia ya kabla ya 1991 ni kumfukuza kwa adabu. Marekani yenyewe kwa miaka mingi imeiweka Somalia miongoni mwa nchi ambazo vyeti hivyo havipatikani, na hairefushi safari ya mwombaji kwa sababu hiyo. Kwetu ingetosha kiapo mbele ya Kamishna wa Viapo, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji, na kwa aliyeingia nchini akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake hata kiapo hicho sioni kitathibitisha nini.

Mheshimiwa, maelekezo kwa Polisi na tangazo la ukurasa mmoja havihitaji Bunge wala bajeti mpya. La Kenya ndilo linalohitaji mkono wa pili, na nafasi ipo katika vikao vya ujirani mwema ambavyo viongozi wa pande zote mbili za mpaka hukutana. Naomba katika kikao kijacho na wenzetu wa Kwale suala hili liwekwe kwenye ajenda, wakubali kupokea alama za vidole zilizochukuliwa na Polisi wa Tanga, nasi tupokee za kwao, na watupe jina la ofisi ya kutumiwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwandika maombi,
Ngamiani, Tanga