Tuandikieni picha za Armitage, sio bei tu

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee kuhusu Michael Armitage, mchoraji wetu aliyezaliwa Nairobi 1984. Kila akitajwa kwa habari huku nyumbani ni mambo ya pesa, eti picha yake inaitwa The Conservationists iliuzwa New York 2019 kwa kama dola milioni 1.5, basi, habari imeisha hapo. Mtu akimaliza kusoma hajui hata jamaa huchora nini. Hiyo inaniuma sana kwa sababu vitu anachora ni vyetu kabisa, vingi tumeviona kwa simu.

Chukua ile inaitwa #mydressmychoice, ya 2015. Mnakumbuka Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya video kusambaa ya wanaume wakimvua mwanamke nguo pale steji, wakidai amevaa vibaya. Wengi tuliiona ile klipu, wengine wakaforwadi, kesho yake watu wako na mengine. Armitage akaitoa huko kwa intaneti akaifanya picha ya rangi ya mafuta, mwanamke amelala ametupa mgongo, na kule juu ni miguu tu ya wanaume imejipanga, nyuso huzioni. Huo mlalo ni wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, vile alichorwa na Velázquez, mchoraji wa Uhispania wa miaka ya 1600, mwili uliowekwa utazamwe, sasa wewe mtazamaji unajikuta umefunga ile duara ya wanaume, uko upande wa pili na wewe pia unaangalia. Kuna wenye wataniuliza kama ni haki kumchora huyo dada tena vile alidhalilishwa, na ni swali zuri, mimi nalifikiria mpaka leo, lakini ndio mambo ningependa kuona watu wakibishana kwa kurasa zenu badala ya bei ya mnada.

Halafu kuna hii ya kitambaa chenyewe anachochorea. Yeye hatumii kanvasi ya kawaida, anachora kwa lubugo, gome la mti wa mutuba ambalo Waganda hulibandua wakaligonga na nyundo za mbao mpaka linakuwa kitambaa, na tangu zamani ndio wanazikia watu wao. UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, ililitambua hilo gome 2005 kama urithi. Linakuja na matundu na mishono na yeye hazibi zote, unaweza kuta shimo limeangukia kwa shavu la mtu ama katikati ya kilima, na rangi zake za kijani na zambarau zinapita juu ya mwili na juu ya majani pamoja mpaka hujui mtu anaishia wapi na msitu unaanzia wapi. Hiyo kwa simu haionekani vizuri, lazima usimame mbele yake.

Na kuna The Fourth Estate ya 2017, watu wamepanda mti kwa mkutano wa upinzani. Mwaka huo wa uchaguzi alifuatana na waandishi wa habari mpaka Uhuru Park akaona mwenyewe. Picha akaipa jina lenu nyinyi wanahabari, yaani mhimili wa nne, na bado sijasoma maelezo yake popote kwa Kiswahili!

Wale husema huyu ni wa wazungu tu kwa sababu alisomea London, waangalie vile alifanya 2021 Royal Academy, jumba kubwa la sanaa huko London. Alipopewa kumbi za maonyesho yake aliingia na wazee wetu wa uchoraji, Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Sane Wadu, Meek Gichugu, kazi zao zikaonekana huko pamoja na zake. Na 2020 alianzisha kituo cha sanaa hapa Nairobi, NCAI, na maonyesho ya kwanza ya msanii mmoja pale yakawa ya huyo huyo Sane Wadu.

Kwa hivyo ombi langu ni hili mhariri, tupeni hata nusu ukurasa kwa wiki, picha moja ya rangi iliyochapishwa kubwa, na mwandishi ameenda akaiona akatuambia ndani kuna nini na imechorwa aje. Muanze na hiyo ya watu kwa mti. Halafu mwende kwa Theresa Musoke, sababu watoto wetu shuleni hawamjui.

Msomaji wenu,
Nakuru