Kabla hawajaondoka kwenye migunga yako

Glasgow, 17 Aprili

Shoga yangu Neema,

Salaam nyingi. Sisi wazima, ila Hamisi bado anakohoa. Nisamehe kwa ukimya wangu tangu Krismasi. Msiba wa Mama Salma ulinikata kauli. Kila nikianza barua naiacha njiani.

Leo alfajiri nimemsikia ndege wa aina ile uliyoiona kwako Arusha, ndiyo maana naandika. Kwa majuma matatu, kwenye mti wa jirani alikuwa akiimba ndege mmoja tu, yule Waingereza wanayemwita chiffchaff kwa sababu ndivyo anavyolia: chif, chaf, chif, chif, chaf, kama fundi anayegonga msumari mdogo. Leo mwenzake kafika, ndege wa mierebi, yaani willow warbler. Wimbo wake huanza polepole, ukapata nguvu, kisha ukateremka kama maji kwenye ngazi hadi ukafifia. Nilisimama na beseni la nguo mpaka vidole vikafa ganzi.

Kwa macho wanachanganya sana. Wote mgongo kijani kilichofifia, tumbo lina umanjano kidogo, uzito kama gramu 10. Gilbert White, kasisi aliyeishi kijiji cha Selborne, Uingereza, aliwatenganisha mwaka 1768 kwa kuwasikiliza. Ukiwakaribia, tazama miguu: ya chiffchaff ni myeusi, ya mwenzake kwa kawaida hudhurungi iliyopauka. Tena chiffchaff hushusha mkia kila mara akitafuta wadudu. Lakini kinachonishika mimi ni mbawa. Za ndege wa mierebi ni ndefu zaidi, kwa kuwa safari yake ni ndefu zaidi. Mwenzake wa hapa huishia Mediterania au Senegali, na wengine hawaondoki Uingereza kabisa.

Nilitamani mno kukuambia kwamba huyu wa leo ndiye uliyemwona kwako Arusha. Siye. Wa huku huenda Afrika Magharibi. Wako wametoka Skandinavia, Urusi, hata Siberia. Gramu 10, Neema!

Basi nakuomba, toka alfajiri usikilize. Huimba hata huko, safari inapokaribia. Nirekodie kwa simu, nataka kumsikia akiwa kwako.

Bado wapo? Miguu yao rangi gani? Ule mgunga wa nyuma haukukatwa? Salma amerudi kazini? Anakula vizuri? Na goti la mama linaendeleaje?

Wako,
Mwanaidi