Tufunge maduka tarehe 23, twende nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wafanyabiashara wenzangu wa Mwanjelwa, Uyole, Makambako na Tunduma, hasa sisi tuliotoka Makete. Popote penye mtaa wa maduka huku Nyanda za Juu Kusini hukosi kumkuta Mkinga, mtu wa kabila letu la Makete, nyuma ya kaunta, kwa hiyo najua nasema na watu wengi. Ombi langu ni moja. Mwaka huu tufunge maduka jioni ya tarehe 23 Desemba, sisi na vijana tuliowaajiri tuwahi Krismasi nyumbani kwetu.

Najua nitajibiwa kwamba tarehe 24 ndiyo siku ya kuvuna. Nina fremu ya nguo za watoto na vitenge hapa Mwanjelwa, ni mwaka wa ishirini na kitu sasa, kwa hiyo simsimulii mtu habari za kusikia. Mwezi Februari unaweza kukaa kutwa nzima ukauza kaptula mbili. Tarehe 24 Desemba watu wamejaa mlangoni mpaka saa nne usiku, na hakuna anayebishana bei. Mauzo ya siku hiyo moja yalikuwa yakinilipia kodi ya pango ya miezi mitatu. Ndiyo maana kwa miaka mingi sikuifunga hata mara moja. Nyumbani nilifika tarehe 26, pengine 28, na kuna miaka sikufika kabisa. Nilipakia mchele, mafuta ya kula na blanketi kwenye gari la mizigo, nikampigia mama simu, nikajiona nimetimiza.

Kilichonibadilisha ni Krismasi ya mwaka 2018. Nilikuwa na binti wa dukani, mtu wa Chimala, mtoto wake wa miaka mitano akilelewa na bibi yake huko. Tarehe 24 saa sita mchana alinijia akasema, "Baba, naomba niwahi gari." Nikamwambia asubiri kidogo, wateja wapungue. Saa tisa akaomba tena, nikamjibu vilevile. Tulipofunga hesabu ilikuwa saa nne na nusu usiku na gari la Chimala halikuwepo tena. Chumba chake alikuwa amekirudisha kwa mwenye nyumba wiki ile, maana alitarajia kupumzika mpaka Januari. Akalala dukani, juu ya belo za vitenge.

Asubuhi ya Krismasi nilipita kuchukua daftari la hesabu kabla ya kwenda ibadani. Nikamkuta amekaa chini, simu ameiweka sauti ya juu, anaongea na mwanawe. Kwenye msumari ukutani kulikuwa na gauni jekundu ndani ya mfuko mweupe, amelinunua kwangu kwa kukatwa mshahara wa Novemba. Mtoto alikuwa anamuuliza, "Mama, gauni langu umeuza?" Siku nzima alikuwa amewavisha watoto wa watu, anawapima mabega, anawafunga vifungo, na la mwanawe linaning'inia pale.

Sikuweza kusema neno. Nilimtafutia gari nikamlipia mpaka mlangoni kwao, akafika saa saba mchana. Lakini ibada ya Krismasi ilikuwa imepita, na mtoto aliigiza na wenzake wa shule ya Jumapili bila mama yake kuwepo kanisani.

Siku hiyo hiyo nilimpigia mama yangu kijijini. Mama anawalea watoto wa ndugu zangu wawili, marehemu. Wasomaji wanaoijua Makete wanajua ugonjwa ulitufanya nini miaka ile, na ni mabibi wangapi waliobaki na wajukuu. Nikamweleza kwamba sitafika. Akasema, "Haya baba, Mungu yupo. Kigoda chako nimekiweka." Kumbe kila mkesha wa Krismasi huwa anakiweka kigoda changu karibu na moto, na asubuhi anakirudisha mahali pake. Wajukuu ndio walioniambia baadaye. Yeye mwenyewe hajawahi kulitaja.

Tangu mwaka uliofuata nafunga tarehe 23 jioni. Alfajiri ya 24 tunapanda, mimi, mke wangu na wanangu, kupitia Isyonje na Kikondo, tunavuka uwanda wa Kitulo. Desemba Kitulo imeshaanza kutoa maua, ndiyo maana watu huiita Bustani ya Mungu, na hifadhi ya taifa ikatangazwa pale mwaka 2005 kwa ajili ya maua hayo. Nilipita njia ile miaka mingi nikiwaza mzigo na madeni. Mwaka 2019 mwanangu wa mwisho aliomba tusimame, akashuka kwenye ukungu kuyaangalia, na mimi nikashuka naye. Tulikaa pale nusu saa bila haraka ya kwenda popote.

Usiku wa mkesha kwetu ni baridi na mvua. Wote tunaingia jikoni kwa mama kwa sababu ndiko kuliko na moto, moshi unawasha macho na hakuna anayetoka. Viazi vinafukiwa kwenye majivu. Marehemu baba alikuwa na utaratibu ambao mama hajauacha: anayeanza kusali ni mtoto mdogo kuliko wote, kisha wanafuata kwa umri mpaka mkubwa wa nyumba. Kila mtoto anasema mstari wake wa moyo. Mdogo akisahau, anayemfuata anamsaidia. Mama anasali mwisho, kwa Kikinga, na anamtaja kila mmoja kwa jina, walio hai na waliotangulia, na wale walio safarini. Nilikuwa nikitajwa katika kundi la walio safarini miaka yote ile bila kujua. Mara ya kwanza nilipolisikia jina langu likitajwa nikiwa nimekaa pale pale kwenye kigoda, nililia mbele ya watoto, nao wakaninyamazia.

Kisha tunachukua kurunzi na miavuli kwenda kanisani. Matarumbeta unayasikia kabla hujaliona kanisa. Tarehe 27 tunaingia shambani kupalilia viazi vya mama, na kazi ambayo ingemchukua wiki mbili na wajukuu tunaimaliza kwa siku moja na nusu. Maongezi mengi ya maana na wanangu, ya shule, ya uchumba, hata ya madeni yangu, tumeyafanya kwenye matuta hayo.

Sasa narudi kwenye ombi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Tarehe 25 na 26 zimo. Wenye maduka wengi hatulipi hivyo, na vijana wetu hawajui kama wanadai. Hilo tulirekebishe. Lakini tarehe 24 si sikukuu, na kwa mtu wa Ludewa, Makete au Kyela ndiyo siku ya safari. Ukimwachia jioni ya 24 umemwachia wakati magari yameshaondoka. Sheria haiwezi kumsaidia hapo. Bosi wake anaweza.

Kuna hoja moja inayonigusa, nayo ni ya akina baba wanaolipwa mshahara tarehe 24 alasiri na kuja usiku kutafuta gauni la mtoto. Nimewahudumia wengi, wanakuja wakihema. Kwa hao nawaomba waajiri wa viwanda, mashamba ya chai na migahawa walipe Desemba kabla ya tarehe 20. Na kwa upande wangu nimeelewana na jirani wa fremu ya pili, ambaye ni Mwislamu na anauza nguo za watoto kama mimi. Siku za Idd anafunga, wateja wake nawapokea mimi. Krismasi anawapokea wangu. Miaka yote hii hatujaibiana mteja hata mmoja, na mtoto hajakosa nguo kwa sababu mimi nimeenda kwa mama.

Mwenzangu mmoja, mzee wa kanisa, aliniambia kwamba hata wachungaji wa Bethlehemu habari njema iliwakuta kazini, tena usiku. Ni kweli, walikuwa zamu. Lakini waliposikia waliondoka kwa haraka wakaenda, na hakuna palipoandikwa kwamba walisubiri zamu iishe.

Hasara ipo, siwezi kuwadanganya. Mwaka wa kwanza kodi ya Januari niliilipa kwa kukopa. Mwaka wa pili nilianza kuwaambia wateja mapema, tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, wakazoea kuja kabla, na sehemu kubwa ya mauzo ikarudi. Binti wa Chimala bado ninaye. Nauli yake ya kwenda na kurudi naitoa mimi kabla sijagawa kitu kingine chochote cha sikukuu, na gari lake ni la asubuhi ya tarehe 24.

Mwaka huu karatasi nimeshaibandika mlangoni: tunafunga tarehe 23 saa kumi na mbili jioni, tunafungua tarehe 29. Anayetaka gauni la mwanawe aje kabla ya hapo.

Mfanyabiashara,
Mwanjelwa, Mbeya.